Tumbaku Iliyonyauka Upande Mmoja

Juzi nilikuwa Kajiado kufuatilia cheti cha kifo cha baba. Wanaozijua foleni hizo watanielewa. Unafika asubuhi na mapema, unaambiwa mwenye mhuri hajaingia. Akiingia, unaambiwa urudi baada ya chai, na chai yenyewe haina mwisho. Nilikaa kwenye benchi la mbao, miguu imevimba, nimechoka hadi hasira imeniisha. Kando yangu akaketi mama mmoja wa Kimaasai, mtu mzima, akafungua kikopo kidogo, akachota kwa kucha na kuvuta puani. Harufu ikanifikia. Ilikuwa tumbaku kavu, na nyuma yake ule ukali wa magadi unaokwaruza koo. Nikaanza kulia pale pale mbele za watu. Yule mama akaniomba radhi, akidhani ugoro wake umeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, ni ugoro. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kitengela mnaikumbuka ilivyokuwa kabla ya maghorofa. Ukitoka barabara kubwa ya Namanga ukatembea kidogo, ulikuwa umefika kwenye nyasi, na mbuzi walikuwa wengi kuliko watu. Baba alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Aliondoka kabla sijaamka na kurudi jua likitua, mikono imejaa grisi. Lakini roho yake haikuwa kiwandani. Alikuwa mtu wa Migori, amesomeshwa kwa tumbaku, na alipoona wazee wa Kimaasai wananunua majani makuukuu yaliyotoka mbali, yenye koga, akasema hawa watu wanaonewa. Akakodi nusu ekari kwa mzee mmoja mwenye ardhi, kando ya kijito kinachokauka miezi mingi ya mwaka, tukajengewa nyumba ya mabati pembeni. Jioni na Jumamosi ndiko alikokuwa.

Kazi ya tumbaku ni ya kuchosha, mtu asikudanganye. Unaotesha kitaluni, unahamisha mche mmoja mmoja, unavunja kilele msimu wa maua ukikaribia, maana maua yakitoka jani linakuwa hafifu, kisha unavunja machipukizi, kesho yametoka mengine. Majani yana gundi. Inashika vidoleni, inakuwa nyeusi, sabuni haiitoi. Nilikuwa naenda shuleni na mikono hiyo, na mwalimu wa usafi akinichapa kila Jumatatu. Nilijifunza kuisugua kwa nyanya iliyoiva sana, lakini nyanya ilikuwa chakula, kwa hiyo mara nyingi nilichapwa tu.

Aliyenunua majani ya baba alikuwa Ng'oto Nashipai. Jina hilo ni la Kimaa, maana yake ni mama yake Nashipai, na huyo Nashipai alikuwa binti yake aliyeolewa Mashuuru. Ng'oto Nashipai alikodi chumba kwenye shamba hilo hilo, hatua hamsini hivi juu yetu. Alikausha majani, akayatwanga kwenye kinu chake kifupi, akachanganya na magadi, na siku ya soko la mifugo alikwenda Kajiado kuuza ugoro. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Akiniita hakutumia jina langu, Awuor. Aliniita entito, yaani msichana. Na akifurahi nami alinitemea mate kidogo kwenye paji la uso, kwa kuwa kwao hiyo ni baraka. Mimi nilikuwa nasubiri ageuke, nijipanguse.

Kwa mama, yule mwanamke alikuwa kila kitu. Mama alitoka Kabondo, kule kwa viazi vitamu, akaletwa kwenye uwanda wa upepo na vumbi ambako hakujua mtu. Majirani wengine walikuwa wapangaji wa kuhamahama, leo wako, mwisho wa mwezi hawako. Mama alijua Kijaluo na Kiswahili cha kuokota, Ng'oto Nashipai alijua Kimaa na Kiswahili cha kuokota. Lakini Kiswahili chao kilikuwa kimevunjika mahali tofauti, kwa hiyo wakikaa pamoja kilikamilika. Mmoja alileta maziwa, mwingine alitoa unga. Mdogo wangu alipougua surua, ni Ng'oto Nashipai aliyekaa naye siku tatu mama apate kulala. Sijawahi kumsikia mama akicheka tena kama alivyocheka kwenye kile kizingiti cha mabati.

Kisha bibi yangu mzaa mama akafariki. Mama alikwenda Kabondo kuzika, na aliporudi hakuleta nguo wala sufuria za marehemu kama wafanyavyo wengine. Alileta gunia lililoloweshwa maji, na ndani yake marando, yale matawi ya viazi yanayokatwa na kupandwa. Aliyakata kwenye shamba la mama yake mwenyewe siku ya kuondoka. Baba alimwambia viazi havitapenda jua la Kitengela. Mama akasema atavizoesha. Baba akamwachia matuta matatu upande wa juu wa shamba, mahali penye mchanga.

Asubuhi mama alikuwa akizungumza na yale marando. Alikuwa akiyamwagilia na kuongea Kijaluo polepole, namna anavyoongea mtu na mkubwa wake. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaelewa nilivyoelewa: bibi amehamishwa, yuko chini ya yale matuta, na anasikia. Nilipita pale kwa adabu. Baadhi ya marando yalikuwa na majani ya njano, na mengine yalikufa kuanzia shinani. Mama akasema ni ugeni, yamekumbuka kwao. Sikuona ajabu, maana mama naye alikuwa hivyo hivyo.

Tulivuna viazi kidogo, vitamu sana. Mama alipeleka karai moja kwa Ng'oto Nashipai kabla hajatuonjesha sisi. Msimu uliofuata baba aliona udongo wa matuta yale umelainika vizuri, akahamishia hapo miche yake bora ya tumbaku. Mama akasogeza marando machache nyuma ya nyumba. Mwaka ule baba alikuwa na hesabu zake. Alitaka kuacha kiwanda, maana kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua kwa vumbi la kule, na alisema tumbaku hii ikikubali, hatavaa tena ile ovaroli.

Haikukubali. Ilifika magotini, kisha mche mmoja ukaanza kuinama. Nilikuwa wa kwanza kuona, kwa sababu nilikuwa nikitumwa kuvunja machipukizi. Jani lilikuwa nusu kijani, nusu njano, mpaka umepita katikati kwenye ule mshipa mkubwa. Upande wa njano ulikuwa hauendelei kukua, kwa hiyo jani zima lilijikunja upande huo. Baada ya wiki kilele cha mmea nacho kilikuwa kimegeukia huko huko. Saa sita mchana majani yalilala kabisa. Jioni yalijikokota yakainuka, na baba akirudi kutoka kazini akayakuta yamesimama, akasema ni jua tu. Kesho yake yalilala tena. Ikawa mche wa pili, wa tano, mstari mzima. Baba akafukua kutafuta minyoo, hakupata. Akaongeza maji, na ulikuwa mwaka wa kiangazi, kijito kimekauka, maji tunanunua kwa mitungi. Tumbaku iliendelea kulala.

Nyumbani kukawa na ukimya ule wa watu wazima wanaochoka pamoja. Baba alikohoa, mama alihesabu mitungi. Mimi nilitaka sana kuwa mtu aliyegundua. Mtoto wa kwanza ana ugonjwa huo, anataka kuleta jibu nyumbani.

Ndipo siku moja mchana, nikiwa nimerudi kutoka shuleni kula, nikamwona Ng'oto Nashipai kwenye ule mstari unaougua. Mama alikuwa sokoni. Ng'oto Nashipai alikuwa ameshika karai, ameinama, anamimina maji kwenye mashina, moja baada ya jingine, taratibu. Maji yalikuwa na rangi ya kijivu. Alipomaliza akatazama huku na huku, akapandisha kwake. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya ua wa miba. Mimi ninachojua kwa hakika ni hicho tu: karai, na maji ya kijivu.

Lakini jioni baba aliporudi, sikumwambia maji ya kijivu. Nilimwambia nimemwona Ng'oto Nashipai akimwaga maji ya magadi kwenye tumbaku yetu. Hilo neno magadi nililiongeza mimi. Nilijua magadi yanachoma ulimi, nikajua yeye ana magadi, nikaunganisha. Baba akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Wakati nasema niliona uso wake ukibadilika, nikaona kwamba nimemletea kitu alichokihitaji, mtu wa kumkasirikia, nikajisikia mkubwa.

Alipanda kule juu bila kuvua ovaroli. Yaliyosemwa sikuyasikia yote, ila sauti ya baba ilifika barabarani, na watu wakatoka nje kutazama. Alimwambia anaua tumbaku ili anunue majani yaliyoharibika kwa bei ya bure. Alimwambia asikanyage tena kwetu. Ng'oto Nashipai alisimama tu. Mama alirudi kutoka sokoni akakuta yameisha. Alimuuliza baba nani amemwambia mambo hayo, na baba akasema, nimemwona mwenyewe kwa macho yangu. Mimi nilikuwa mlangoni. Sijui kwa nini alisema vile. Nilifikiri amesahau.

Baada ya siku nne Ng'oto Nashipai alipakia kinu chake na mikoba yake kwenye mkokoteni wa punda, akahamia kwa binti yake Mashuuru. Mama alimpelekea uji asubuhi hiyo, akaurudisha nyumbani ukiwa haujaguswa. Tukaunywa sisi.

Na tumbaku ikaendelea kulala. Hilo ndilo lililomsumbua baba. Mchawi ameondoka, uchawi umebaki. Mwishowe akaenda ofisi za kilimo Kajiado, akaomba mtu. Alikuja dada mmoja kijana kwa pikipiki, ana begi mgongoni na kisu kidogo cha kukunja. Ilikuwa Jumamosi, tulikuwa wote. Hakuuliza mengi. Aling'oa mche mmoja mgonjwa, akaugeuzageuza, akasema mizizi haijaoza. Akakwaruza gome la shina, akatuita tusogee. Chini ya gome kulikuwa na mstari wa kahawia, rangi ya chai ya rangi, ukipanda upande mmoja tu, upande ule ule wenye majani ya njano. Akakwaruza mche usiougua, ndani yake ulikuwa mweupe. Kisha akakata kipande cha shina gonjwa, akaomba glasi ya maji safi, akakining'iniza humo. Tukangoja. Alisema kama ugonjwa ungekuwa wa bakteria tungeona uzi mweupe ukishuka majini kama maziwa. Maji yalibaki safi.

Akasema ni ukungu, mnyauko wa fusari. Unakaa kwenye udongo, unaingia kupitia mizizi, unaziba mishipa ya kupandisha maji.

"Mmea unakufa na kiu na maji iko hapo kwa miguu yake," alisema. "Hata umwage mtungi mia, haipandi."

Baba akauliza, kwa sauti ndogo, kama magadi yanaweza kuleta hayo. Dada akatikisa kichwa. Magadi yangechoma kingo za majani pande zote, alisema, na ndani ya shina kusingekuwa na ule mstari. Kisha akauliza zamani hapa kulipandwa nini. Baba akasema viazi vitamu. Akauliza mbegu ilitoka wapi. Baba alitazama kisu cha yule dada.

"Kwa mama yangu," mama akasema.

Yule dada hakujua anachokigusa, simlaumu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakwaruza rando moja, mstari ukawa huo huo. Akaeleza kwamba upo mnyauko unaoshika viazi vitamu na tumbaku vilevile, na rando linaweza kuonekana zima huku limeubeba. Akasema tung'oe yote, tuchome, tusipande tumbaku wala viazi hapo kwa miaka mingi, labda mahindi, na majembe tuyaoshe. Mimi niliposikia ugonjwa umo ndani ya udongo nilijua ni bibi amekasirika. Niliogopa kutembea pekupeku wiki nzima.

Mama aliyang'oa marando mwenyewe. Baba alitaka kumsaidia, akakataa. Aliyachoma mchana kweupe, na yalikuwa mabichi kwa hiyo yalitoa moshi mwingi na kuchelewa kuisha. Alikaa pale hadi mwisho, halafu akaingia kupika. Baba hakusema neno kuhusu yale matuta. Jumatatu alivaa ovaroli akaenda kiwandani, na aliivaa miaka mingine kumi na sita.

Ila mama alimwambia jambo moja: aende Mashuuru. Baba akachelewa. Mara kifua, mara zamu, mara mvua. Mama hakupiga kelele, alikuwa tu akimwekea chakula na kusema, Mashuuru bado iko. Hatimaye Jumamosi moja akanishika mkono, tukaenda wawili.

Tulimkuta Ng'oto Nashipai kwenye kituo cha biashara, ameketi na vikopo vyake mbele ya duka. Baba akamsalimia kwa Kimaa, takwenya, naye akaitikia, iko, kama kawaida, maana salamu hainyimwi mtu. Wakaulizana mvua. Wakaulizana mifugo, na baba hakuwa na hata kuku. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilijua nafasi yangu ya kusema ni sasa, nikaendelea kuvitazama. Baba akavua kofia.

"Ng'oto Nashipai, siku ile nilikuona ukimwaga maji kwa tumbaku," alisema. "Nikafikiri ni magadi. Nilikosea mimi. Ilikuwa ugonjwa ya udongo."

Yule mama alimtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Ile ilikuwa maji ya kusuuza nguo," alisema. "Niliona zinalala saa sita, nikasema ziko na kiu. Mama Awuor ameenda soko. Wewe uko kazi. Nikasema wacha nisaidie."

Wewe uko kazi. Alilisema hilo bila kupandisha sauti. Baba hakugeuka kunitazama. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akasema tena kwamba alikosea, akamwomba arudi, chumba bado kipo. Ng'oto Nashipai akasema hapana. Alisema hana neno na sisi, lakini alitoka pale akiitwa muuaji wa mimea mbele ya watu, na miguu yake haiwezi kurudi. Akatuma salamu kwa mama. Tulipoinuka aliniita, entito, akanitemea baraka kwenye paji la uso. Sikujipangusa. Nilitaka anichape.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa amesimama nje. Akauliza kama anakuja. Baba akasema haji. Mama akaingia ndani.

Hawakuwahi kuonana tena. Tulisikia baada ya miaka michache kwamba Ng'oto Nashipai amefariki huko Mashuuru, na habari yenyewe ilitufikia ikiwa imechelewa, ameshazikwa. Na tangu hapo, kila mama alipokuwa mpweke, kila alipougua, kila majirani wapya walipomfungia mlango, alimwambia baba: ulinifukuzia rafiki. Alisema mezani. Alisema mbele ya wageni. Baba alikuwa akiinamisha kichwa na kuendelea kula. Nilimaliza shule, nikapata kazi, nikaolewa, nikazaa, na bado nilikuwa nikikaa kwenye meza hiyo na kunyamaza. Nilijiambia nitasema mwaka ujao. Baba akafa Februari hii kwa kile kifua chake, na mimi sijasema.

Nilirudi kutoka Kajiado bila cheti. Mama alikuwa jikoni, anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamweleza habari ya mhuri. Akasema ofisi ni ofisi. Tukakaa kidogo, kisha akaanza kumsifu baba, namna wanavyosifiwa wafu, mvumilivu, mtu wa familia, hakuwahi kuinua mkono. Ila tu, akasema, alinifukuzia rafiki.

"Mama, si yeye aliyemwona," nikasema. "Ni mimi. Na sikuona magadi. Niliyasema tu."

Mikono yake haikusimama. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa mlangoni.

"Najua," akasema. "Baba yako alikuwa kazini mchana ule. Angeona aje?"

Nikamuuliza sasa kwa nini, miaka yote hiyo, mbele ya watu, kwa nini alimsema yeye. Akasema nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na uchungu ule ulikuwa mkubwa, lazima uwekwe kwa mtu.

"Kila nikimlaumu, alikuwa na majibu mawili ya kunifunga mdomo," akasema. "Wewe, na marando ya mama yangu. Nilikuwa nangoja atoe moja. Hata siku ile tumegombana vibaya sana, nilingoja. Hakutoa."

Akasukuma ungo pembeni, ingawa maharagwe hayakuwa yameisha, akajipangusa mikono kwa leso.

"Nilikuwa nampima, Awuor. Nimempima hadi amekufa. Sikumuuliza hata mara moja kama amechoka."